Macho yako wazi lakini hajibu: fahamu inapimwaje nyumbani bila mashine? (Moshi)

TabibuWaMgombani (Kibosho)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaohudumia majeruhi wa kichwa huku kwetu Moshi na Arusha.

Kuna kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, aligongana na lori wiki tisa zilizopita. Alipofikishwa hospitali GCS (alama ya fahamu, 3 hadi 15) ilikuwa 5. Alipasuliwa kichwa kuondoa damu iliyokuwa inaukandamiza ubongo upande wa kushoto. Sasa karudishwa nyumbani. Anapumua mwenyewe, analishwa kwa mpira wa puani, macho anafumbua mchana na usiku analala. Hasemi, haonyeshi ishara yoyote. Karatasi ya ruhusa inasema yuko macho lakini hana fahamu.

Dada yake hakubali. Anasema akipita mbele yake macho yanamfuata, na akimwambia "kaza mkono" anakaza. Nimempima ziara mbili. Mkono anakaza kweli, ila anakaza hata nikikaa kimya. Tochi hakuifuata. Dawa zake: fenitoini 300 mg usiku, fenobabitoni 60 mg asubuhi na usiku (hizi mbili ni za kifafa), diazepamu 10 mg usiku kwa sababu misuli inakaza.

Ukoo unakaa kikao wiki ijayo kuamua waendelee kugharamia kiasi gani, na wanataka neno kutoka kwangu. Nauliza: refleksi na kitendo cha kukusudia natenganisha vipi nikiwa sina EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) wala MRI (mashine ya picha za ubongo)? Nimesikia pia utafiti kwamba mmoja kati ya wanne wa namna hii anaelewa anachoambiwa. Hiyo inatusaidia nini huku? Na kuna dawa?

Nawasilisha.

---

FizioNjiro (Arusha)

Dokta, habari ya kukaza mkono achana nayo. Ukiweka kidole kwenye kiganja cha mtu aliyeumia sehemu za mbele za ubongo, kiganja kinajifunga chenyewe. Ni refleksi, na hakuna kinachowachanganya ndugu kuliko hiyo. Kupiga miayo, kutafuna, kutoa machozi na kukunja uso navyo viweke kundi hilohilo: havithibitishi fahamu, wala havikanushi.

Tochi nayo ilikuwa chombo kisichofaa. Tafuta kioo cha mkononi, kile cha kujitazamia. Kufuata kitu kwa macho ni miongoni mwa dalili zinazotangulia kurudi, na utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha wapo wagonjwa wanaofuata sura yao kwenye kioo lakini hawafuati kitu kingine wala mtu anayetembea. Ukipima kwa tochi peke yake, unawapoteza hao.

Kipimo kinachotegemewa ni CRS-R (Coma Recovery Scale-Revised), toleo la mwaka 2004 la Joseph Giacino na wenzake. Hakihitaji umeme. Kina sehemu sita na alama 23: kusikia 4, kuona 5, mwendo wa viungo 6, kinywa na sauti 3, mawasiliano 2, na kuwa macho 3. Kwa mtu aliyekizoea kinachukua dakika 15 hadi 35. Mwaka 2009 Caroline Schnakers na wenzake walikilinganisha na makubaliano ya jopo la waganga: katika wagonjwa 44 ambao jopo lilisema hawana fahamu, 18 walionyesha dalili za fahamu walipopimwa hivi. Hiyo ni 41%, na hao waliokosea walikuwa watu wa kazi hiyohiyo, wala si wageni.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Mkalishe, mgongo uinuke, kichwa kikae katikati kwa mito pande zote mbili. Zima redio, wageni wakae sebuleni. Mikono iwe nje ya blanketi. Huko Kibosho miezi ya baridi wanafunikwa hadi shingoni, na kidole kinachosogea chini ya blanketi hakuna atakayekiona. Kaa kimya dakika moja umwangalie tu na uandike kila anachofanya bila kuambiwa, maana hicho ndicho utakachokuja kulinganisha nacho. Akisinzia, mwamshe kwa kubana misuli: uso, shingo, bega, mkono, kifua, mguu, hadi vidole. Shika nofu ya msuli katikati ya vidole uiviringishe mara tatu au nne, maliza upande mmoja uhamie wa pili. Akirudi kusinzia katikati ya kipimo, rudia. Mgonjwa aliyelala anapimwa usingizi, hapimwi fahamu.

Kioo: kiweke sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso, mwambie akiangalie, kisogeze taratibu nyuzi 45 kulia, kisha kushoto, juu na chini. Halafu rudia mzunguko wote. Ili ahesabiwe amefuata (alama 3 ya kuona), macho yanatakiwa yashike kioo nyuzi zote 45 bila kukatika, mara mbili, upande wowote. Kosa la kawaida ni kusogeza haraka. Kosa la pili ni kusogeza mwili wako pamoja na kioo; hapo hujui alifuata nini.

Amri: chagua mwendo ambao mwili wake unauweza. Huyu kaumia kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia huenda umepooza. Tumia wa kushoto, na tumia macho. Shika kikombe na kitana, viachane kama sentimita 40, sema "angalia kitana", badilisha nafasi, sema tena. Kila amri itolewe mara nne, kila mara ngoja sekunde 10. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tunasema "fumba macho, fumba macho, fumba macho" mfululizo; na kwa kuwa mtu hupepesa macho kila baada ya sekunde chache, lazima moja itaangukia kwenye amri. Akifanya mara 3 kati ya 4 anapata alama 3 ya kusikia.

Maumivu: kandamiza ukucha kwa kalamu sekunde 5, kila mkono na kila mguu. Mkono ukijivuta tu, ni refleksi. Mkono mwingine ukija kugusa pale panapouma, hiyo ni dalili ya fahamu.

Jumla ya alama isikudanganye. Watu wawili wanaweza kuwa na 8, mmoja ana fahamu na mwingine hana. Tazama sehemu moja moja: kuona 2 na kuendelea, kusikia 3 na kuendelea, mwendo 3 na kuendelea, neno linaloeleweka, au kujaribu kuwasiliana. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumtoa kwenye kundi la "macho bila fahamu" na kumweka kwenye fahamu hafifu, hali iliyopewa vigezo vyake mwaka 2002.

Na ziara mbili hazitoshi. Fahamu ya watu hawa inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Utafiti wa mwaka 2017 ulipendekeza angalau vipimo vitano ndani ya wiki mbili kabla ya kusema hana. Badilisha saa: asubuhi, alasiri, siku ya mazoezi, siku ya mapumziko.

---

SistaWaZamu (Moshi mjini)

Kaka Fizio kamaliza mengi. Naongeza mawili ambayo fomu haiyasemi.

La kwanza, lugha ya amri. Kijana wa Kibosho amekua na Kichaga cha nyumbani, Kiswahili ni cha shule na kijiweni. Amri itolewe kwa lugha anayoongea na mama yake, na itolewe na mtu wa nyumbani kwa maneno yaleyale kila mara. Usimchukue jirani wa Rombo kwa kuwa tu ni Mchaga. Kirombo na Kikibosho havisikilizani vizuri kiasi hicho. Ndivyo ilivyo pia kwa Mmeru au Mwarusha wa huko kwa kaka Fizio. Tena huyu kaumia kushoto, na kwa watu wengi lugha inakaa kushoto. Anaweza kuwa na akili timamu lakini maneno hayamwingii. Kwa hiyo asipotii amri usikimbilie hitimisho. Upe uzito mkubwa kioo, maumivu, na vitu unavyompa mkononi. Mpe kikombe mkono wa kushoto uone kama anakipeleka mdomoni. Na kabla ya yote mtazame masikio. Nta iliyojaa, au mfupa wa sikio uliovunjika kwenye ajali, vinamfanya kiziwi na nyie mnaandika "haitikii".

La pili, ugomvi wako na dada yake unamalizwa kwa kuhesabu. Chagua kitendo kimoja ambacho anakifanya mara chache bila kuambiwa, tuseme kuinua kidole gumba cha kushoto. Andaa vipande 30 vya karatasi: 10 viandikwe "inua gumba", 10 "tulia, usisogeze", 10 "kimya". Vichanganye kwenye bakuli. Dada anachomoa kimoja, anafanya kilichoandikwa, wewe unashika saa ya sekunde 10 na kuandika gumba limeinuka au la. Pumzika nusu dakika, chomoa kingine. Kuwe na mtu wa tatu anayeangalia mkono tu, akiwa amewekewa muziki masikioni asisikie amri. Yeye ndiye anayesema limeinuka au halijainuka. Usifanye vyote 30 kwa mkupuo, atachoka. Kumi kwa kikao panatosha.

Gumba likiinuka mara 7 kwenye amri, 1 kwenye "tulia" na 2 kwenye kimya, dada yuko sahihi. Likiinuka 4, 4, 3, ni mwendo wa kujiendea. Faida ya njia hii ni kwamba dada mwenyewe anaona namba zikitoka kwenye bakuli, hakuna wa kumwambia kwamba anajifariji.

Chukua video ya simu, ionyeshe mkono na uso kwa pamoja. Ruhusa ya familia kwanza, na isiingie kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo.

---

Kijana_wa_Sakina

Mbona mnamzungusha? Kuna dawa ya usingizi inaitwa zolpidemu, inawaamsha watu wa koma ndani ya saa moja. Video zimejaa mtandaoni.

---

MfamasiaMnaraWaSaa (Arusha)

Kijana wa Sakina, video ni za kweli, ila wasioamka hawapigwi video. Zolpidemu ilipojaribiwa kwa utaratibu kwa wagonjwa 84 kwenye utafiti wa John Whyte wa mwaka 2014, waliojibu dhahiri walikuwa 4. Athari yenyewe inaisha baada ya saa chache. Haimhusu huyu kwa sasa, kwa sababu tayari ana dawa tatu za kumlaza na hakuna aliyezigusa.

Tabibu, orodha yako ya dawa ndiyo iliyonishtua kwenye uzi huu. Fenobabitoni inachukua kama siku nne ili nusu yake itoke mwilini. Diazepamu inachukua siku moja hadi mbili, na inaacha mabaki yanayoendelea kufanya kazi na kukaa muda mrefu zaidi. Ukimpa kila usiku kwa wiki kadhaa, mchana wake wote uko ndani ya dawa. Fahamu unayoipima hapo ni ile iliyobaki baada ya dawa kuchukua sehemu yake.

Uliza kwanza: amewahi kupata kifafa baada ya wiki ya kwanza? Dawa ya kifafa baada ya jeraha la kichwa inatolewa siku 7 za mwanzo kuzuia mishtuko ya mapema. Haijaonyesha kuzuia ile inayokuja baadaye. Kama hakuwahi, dawa mbili za kifafa kwa wiki tisa zinahitaji maelezo. Lakini usizikate kwa mara moja, nasema tena usizikate. Fenobabitoni na diazepamu zikiachwa ghafla zenyewe zinaleta kifafa. Zungumza na daktari aliyempasua, zipunguzwe moja baada ya nyingine, kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ukifika kwenye kiwango kipya, subiri wiki mbili hadi tatu ndipo kipimo chako kiwe na maana.

Fenitoini ina mtego wake. Ikipitishwa kwenye mpira pamoja na uji, nyingi inanasa na chakula haiingii kwenye damu. Sitisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na saa 1 hadi 2 baada. Kwa upande wa pili, mtu aliyekonda na protini ya damu imeshuka anaweza kulewa fenitoini kwa dozi ya kawaida: macho yanachezacheza pembeni, anasinzia, mnasema fahamu inazidi kushuka.

Dawa yenye ushahidi ni amantadini. Utafiti wa mwaka 2012 ulihusu watu 184 walioumia kichwa kwa ajali, wakiwa kati ya wiki ya 4 na ya 16, na huyu yumo humo. Walianza 100 mg mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na kwa wasiopiga hatua ikapandishwa 150 mg wiki ya tatu na 200 mg wiki ya nne, bado mara mbili kwa siku. Waliopewa walipona haraka zaidi katika wiki nne za dawa. Ilipositishwa kasi ikapungua, na wiki mbili baadaye makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Kwa hiyo inaharakisha. Kwamba inabadilisha anapoishia, utafiti ule haukuonyesha. Itolewe asubuhi na mchana ili isimnyime usingizi. Inatoka kwa figo, kwa hiyo kreatinini ipimwe kwanza. Kwa mwenye kifafa inahitaji tahadhari kubwa. Kwangu mimi, mpangilio ni huu: punguza vinavyomlaza, ndipo uongeze kinachomwamsha. Kufanya kinyume ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

---

MtafitiUbongo

Kuhusu ile mmoja kati ya wanne. Takwimu hiyo ni ya utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2024, Yelena Bodien akiwa mwandishi wa kwanza. Wagonjwa 241 hawakuonyesha kwa nje kutii amri yoyote. Waliwekwa kwenye MRI ya kuona ubongo ukifanya kazi, au EEG, au vyote viwili, wakaambiwa wafikirie kitendo, kwa mfano kufungua na kufunga kiganja. Kwa 60 kati yao, yaani 25%, ubongo ulijibu amri huku mwili umetulia tuli.

Mzizi wake ni kazi ya Adrian Owen ya mwaka 2006: mwanamke wa miaka 23 aliyeonekana hana fahamu aliambiwa afikirie anacheza tenisi, na eneo la ubongo linalopanga mwendo likawaka kama la mtu mzima wa afya. Mwaka 2010 wenzake walipima 54, watano wakaweza kufanya hivyo, na mmoja akatumia njia hiyo kujibu maswali ya ndiyo na hapana. Mwaka 2019 Jan Claassen akaonyesha kwamba EEG ya kitandani inatosha: 16 kati ya 104, siku chache tu baada ya kuumia.

Kwa nini ubongo unajibu na mwili haujibu? Kuwa macho kunaendeshwa na shina la ubongo, na hilo kwa kijana huyu liko salama, ndiyo maana anaamka na kulala. Kuelewa kunahitaji gamba la ubongo. Kutenda kunahitaji mzunguko kati ya gamba, viini vya ndani na talamasi (iliyo katikati ya ubongo) uwe na nguvu ya kutosha. Ajali ya kasi inachana nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu hizo, na mzunguko huo unazimika kwa kukosa msukumo. Ndiyo nadharia ya Nicholas Schiff, na amantadini inadhaniwa inafanya kazi hapohapo, kwa kuongeza dopamini, kemikali ya ubongo.

Huku kwetu takwimu hiyo inatumika hivi: kutojibu hakukupi ruhusa ya kusema hasikii. Maneno ya kikao cha ukoo yasisemwe kitandani kwake. Mjulishe kabla ya kumgeuza, kabla ya kuingiza mpira. Ila tusivuke mpaka: hao 25% ni wa hospitali zenye vifaa maalumu, wamechaguliwa kuingia utafitini, na haimaanishi kijana huyu ana nafasi ya 25% kabisa.

Kikao kinahitaji jibu la muda zaidi kuliko la mashine. Zamani, tangu mwongozo wa 1994, aliyeumia kwa ajali alihesabiwa wa kudumu baada ya miezi 12, na aliyekosa hewa (moyo kusimama, kuzama) baada ya miezi 3. Mwongozo wa Marekani wa 2018 uliondoa neno "kudumu", ukaweka "sugu", na ukaonya kwamba ndani ya siku 28 za mwanzo asiambiwe mtu kuwa hakuna tumaini. Katika utafiti wa Marekani wa 2021 uliofuatilia walioumia kichwa vibaya, kati ya 79 ambao wiki ya pili hawakuwa na fahamu ingawa macho yalifunguka, 62 walirudiwa na fahamu ndani ya miezi 12. Waliofika hatua ya kujua wako wapi na ni lini walikuwa robo ya waliofuatiliwa kwa hilo. Waambieni ukoo namba zote mbili. Ya kwanza peke yake inawadanganya, na ya pili peke yake inawavunja moyo. Kijana huyu yuko wiki ya tisa, si ya pili, kwa hiyo nafasi yake ni ndogo kuliko hiyo. Lakini ni kijana, ni ajali, na haijafika hata miezi mitatu.

---

TabibuWaMgombani

Asanteni sana. Nimefanya CRS-R kwa kioo, dada akitoa amri kwa Kikibosho. Kioo: kushoto amefuata mara mbili bila kukatika, kulia hapana, juu mara moja. Amri ya gumba la kushoto: 2 kati ya 4. Kuangalia kikombe na kitana: hakuna. Maumivu: anavuta tu. Natafsiri vipi? Pia tangu jana anatoka jasho jingi, mapigo 130, joto 38.4, mikono imekakamaa dakika kama 20 halafu inaachia. Nianze dawa ya malaria?

---

FizioNjiro

Kuona 3. Hiyo inatosha: fahamu hafifu. Amri 2 kati ya 4 hazifiki alama 3, ziandike kama zilivyo na uhamie kwenye bakuli la Sista. Kutofuata kulia kunaendana na jeraha la kushoto, huenda nusu ya kulia ya uwanja wa macho haipo. Kuanzia leo kila kitu kiwekwe kushoto kwake, pamoja na kiti cha dada. Hilo la kikombe na kitana lirudie ukivipanga kimoja juu na kingine chini, vyote upande wa kushoto.

---

SistaWaZamu

Malaria pima kwanza kwa kipimo cha haraka, usitibu kwa kubahatisha. Vipindi vinavyokuja na kuondoka, jasho, mapigo juu, kukakamaa, ni mtindo wa mfumo wa neva zisizo za hiari kuchachamaa baada ya jeraha la ubongo. Lakini usiseme ndiyo hiyo mpaka uondoe nimonia, UTI, kidonda cha mgongoni na mshipa wa mguu ulioganda damu. Msikilize mapafu, mgeuze umtazame makalio na visigino, linganisha mashavu ya miguu kwa futi ya fundi. Kisha tafuta kichokozi: kibofu kimejaa, katheta imejikunja, choo hakijatoka siku kadhaa, kucha imeota ndani. Mara nyingi ukiondoa kichokozi kipindi kinakatika. Visipokatika kuna dawa, propranololi ni mojawapo, ila hiyo ianziwe hospitali.

Na uliza anavyolishwa. Nyumba nyingi huku zinapitisha mtori kwenye mpira. Ni chakula kizuri, lakini kisagwe na kuchujwa kwa chujio la chai, kiwe chepesi, mpira usukumwe kwa maji 30 ml kabla na baada. Mgongo uinuke nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na abaki hivyo saa nzima. Kabla ya kila mlo mhakikishe mpira haujatoka mahali pake kwa kuangalia alama iliyochorwa puani. Akilishwa amelala chali chakula kinaingia mapafuni, joto linapanda, na fahamu hiyo mliyoipata leo inapotea wiki ijayo.

---

MfamasiaMnaraWaSaa

Hali hiyo ya 130 na 38.4 isikae nyumbani zaidi ya leo kama hukupata chanzo. Mpeleke na uombe kipimo cha CT (picha ya kichwa) kirudiwe kwa safari hiyohiyo, maana maji kujaa kichwani wiki kadhaa baada ya upasuaji ni jambo linalotokea na linatibika kwa kuweka mrija. Dalili yake ni mtu kusimama alipokuwa anaendelea, au kurudi nyuma, kutapika, na kama mfupa wa kichwa haukurudishwa, pale penye pengo panakuwa pamevimba na pagumu akiwa amekaa. Umpeleke KCMC (hospitali ya rufaa hapo Moshi) au kwingine, barua ya rufaa isiandikwe "hana fahamu". Andika tarehe na saa ya kila kipimo, alama za kila sehemu ya CRS-R moja moja, upande wa kioo aliofuata, lugha iliyotumika kwa amri, na saa aliyopewa dozi ya mwisho ya diazepamu na fenobabitoni. Video ibebwe kwenye simu ya dada.

---

TabibuWaMgombani

Kipimo cha malaria hakina kitu. Choo siku sita. Kulia chini mapafu yana mikwaruzo. Tunashuka KCMC mchana huu, barua naiandika kama ulivyosema. Kikao cha ukoo nimewaomba wakisogeze mpaka vipimo vitano vikamilike.